Ndoa ikiingiwa na usaliti: Toba ni njema, lakini damu nayo ipimwe

KATIKA mtaa wa Galbet hapa mjini Garissa ni nadra mtu kuingia kwa daktari na kusema wazi kwamba mwenzake wa ndoa amemsaliti. Huja na maradhi mengine. Huja na tumbo linalochoma, na kichwa kisichosikia dawa, na moyo unaodunda usiku wa manane, na "gesi" inayopanda hadi kifuani. Daktari hupima presha akaona ni ya kawaida, hupima choo na mkojo asione kitu, humpa dawa za vidonda vya tumbo, na baada ya juma moja mgonjwa yuko pale pale kwenye benchi. Aghalabu ni mpaka yule shangazi aliyemsindikiza atoke nje na mlango ufungwe, ndipo neno lenyewe hutoka: kuna ujumbe alioukuta kwenye simu, au kuna nyumba nyingine mtaa wa pili ambayo kila mtu aliijua ila yeye.

Juma hili ningependa tulizungumze jambo hili bila ya kuzungukazunguka. Nitalizungumza kama daktari, kwa kuwa maimamu na makadhi wanaijua kazi yao na hawahitaji msaada wangu. Lakini iko sehemu ya jambo hili ambayo ni ya daktari, na hiyo ndiyo husahauliwa kila mara wazee wanapoketi kutafuta suluhu.

Jeraha lisiloonekana

Mtu aliyesalitiwa hupatwa na mambo yanayofanana sana na yale yanayompata aliyenusurika katika ajali ya barabarani. Hushtuka simu ya mwenzake ikilia. Picha za jambo ambalo hakuliona kwa macho yake humjia anapopika, anaposwali, anapomnyonyesha mtoto. Hawezi kula, au hula bila kipimo. Asubuhi hukasirika, jioni hulia, na usiku hutaka kukumbatiwa na mtu yule yule aliyemuumiza, kisha akajichukia kwa kutaka hivyo. Huu si wazimu, wala si jini. Ni mwili uliogundua kwamba mahali ulipodhani ni salama hapakuwa salama, na sasa unakesha kulinda mlango. Homoni za hofu, zile zile zinazomwezesha mtu kumkimbia fisi, hubaki juu mchana na usiku, na ndizo zinazomnyima usingizi na kumchafulia tumbo.

Wataalamu watatu wa Marekani, Donald Baucom, Douglas Snyder na Kristina Gordon, ambao wamefanya kazi kwa miaka mingi na wanandoa wa aina hii, wameigawa safari ya kupona katika hatua tatu. Kwanza ni kulistahimili pigo lenyewe, kisha kutafuta maana ya yaliyotokea, na mwisho ni kuamua jinsi ya kuendelea na maisha, iwe pamoja au kila mtu kivyake. Huku kwetu tuna tabia ya kuziruka hatua mbili za mwanzo. Wazee huitwa Ijumaa baada ya swala, na Jumamosi mwanamke huambiwa arudi jikoni.

"Nimekwisha kutubu"

Kauli inayosikika zaidi ya zote kutoka kwa wanaume (na wanawake pia, maana nao hutoka nje ya ndoa, tena wao husemwa zaidi) ni kwamba amekwisha kutubu kwa Mwenyezi Mungu, kwamba mja amehimizwa kujisitiri, na kwa hivyo hana haja ya kumwambia mwenzake lolote. Sitabishana naye kuhusu sitara. Lakini hata aliyeishia dugsi tu, yaani madrasa ya utotoni, atakumbuka kwamba masheikh hutenganisha haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya mja, na ile ya mja haimaliziki mpaka mja mwenyewe arudishiwe. Sasa jiulize, ndugu yangu: afya ya mkeo ni haki ya nani? Ikiwa ulilala nje Jumatatu bila kinga na Alhamisi ukalala na mkeo, umemwingiza katika hatari ambayo hakuichagua na wala haijui. Toba yako iko kwa Mola wako. Vijidudu vya kaswende havina habari nayo.

Kwa maoni yangu, basi, kuwajibika huanzia maabara. Mkufu wa dhahabu kutoka Eastleigh unaweza kungoja.

Tuchukue mambo kwa saa na siku. Ikiwa jambo limetokea katika saa 72 zilizopita, na huna hakika na hali ya uliyekutana naye, nenda hospitali leo hii. Ziko dawa za kuzuia virusi vya ukimwi baada ya mtu kujihatarisha. Humezwa kila siku kwa siku 28, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofanya kazi vyema. Saa 72 zikipita, hazina faida tena.

Ikiwa muda huo umekwisha, pimwa ukimwi, kaswende na homa ya ini aina ya B siku hiyo utakayofika, kisha urudi baada ya miezi 3. Sababu ya kurudi ni kwamba damu huchukua muda kabla ya kusema ukweli wake. Kipimo cha haraka cha ukimwi kinaweza kuonyesha kwamba hakuna kitu, ilhali virusi vimo, ikiwa mtu aliambukizwa majuma machache tu yaliyopita. Katika miezi hiyo 3 ama mjizuie kabisa, ama mtumie mipira ya kondomu. Na hapa ndipo wengi hutambua kwamba siri haifichiki, kwani utamwelezaje mkeo kondomu katika nyumba ambayo haijapata kuwa nayo?

Kisonono na klamidia zina hadithi yake. Mwanamume mwenye kisonono aghalabu huhisi moto akikojoa na kuona usaha, akakimbilia duka la dawa, akanunua vidonge vya kubahatisha na akapona, au akadhani amepona. Mkewe huenda asiwe na dalili yoyote. Klamidia hasa hunyamaza ndani ya mwanamke, ikapanda polepole hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiharibu, na miaka kadhaa baadaye mwanamke huyo huyo akaitwa tasa na jamaa za mume wakamshauri aoe mwingine. Ndiyo sababu madaktari husisitiza kwamba wote wawili watibiwe wakati mmoja. Ukijitibu peke yako mtaendelea kurushiana ugonjwa kama mpira.

Mama akiwa mjamzito au ananyonyesha, mambo huwa mazito zaidi. Kaswende isiyotibiwa inaweza kumuua mtoto tumboni, na hali dawa yake ni sindano ya penisilini. Na mama akiambukizwa ukimwi katika kipindi cha kunyonyesha, virusi huwa vingi mno mwilini mwake katika majuma yale ya mwanzo, hata hatari ya kumwambukiza mtoto ikawa kubwa kuliko ya mama aliyejua hali yake mapema na akawa anameza dawa. Kipimo alichopimwa kliniki mimba ikiwa ya miezi 4 hakisemi neno kuhusu jambo alilolifanya baba mimba ilipofika miezi 7.

Ni kweli kwamba kaunti za Kaskazini Mashariki zina viwango vya ukimwi vilivyo miongoni mwa vya chini kabisa nchini Kenya, na watu wetu huutaja ukweli huo kana kwamba ni chanjo. Lakini Garissa si kisiwa. Soko letu la mifugo ni miongoni mwa makubwa katika Afrika Mashariki, na wafanyabiashara wake huenda Nairobi na Mombasa na kurudi. Wako madereva wa malori, wako askari na watumishi waliohamishiwa huku wakaacha jamaa zao nyuma. Wote hao wana miili.

Kinachowazuia wengi ni kuogopa kuonekana. Mji ni mdogo, na muuguzi anaweza kuwa binamu wa shemeji. Ujue basi kwamba sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti ukimwi inakataza kumlazimisha mtu apimwe, na inakataza majibu yake kupewa mtu mwingine bila ya idhini yake. Ukiona haya kuingia Hospitali ya Rufaa ya Kaunti kupitia lango kuu, tangu mwaka 2017 Kenya imekuwa na vifaa vya kujipima ukimwi mwenyewe nyumbani. Ila kikionyesha kwamba virusi vipo, ni lazima uende kituoni ukahakikishiwe. Na hata vikihakikishwa, dunia haijaisha. Anayemeza dawa sawasawa hadi virusi visionekane tena katika kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ndoa.

Kabla sijaondoka hapa, neno moja kuhusu ndoa za siri. Wako wanaosema, "Daktari, mimi sikuzini, nilioa." Kama ndoa hiyo imetimia au haikutimia, kadhi ndiye wa kusema. Kwa upande wangu, kijidudu hakiulizi mahari ilikuwa kiasi gani. Na kwa upande wa mke wa kwanza, mke mwenza anayejulikana ni jambo moja, na mke mwenza anayegunduliwa kwa ujumbe wa M-Pesa ni jambo lingine kabisa. Kinachomkosesha usingizi wa pili huyo ni ile miaka ya kudanganywa.

Kukiri kwenyewe

Wengi hukiri kama mtu anayelipa deni kwa sarafu za shilingi moja moja. Leo anasema ni urafiki tu. Mke akipata ushahidi, anasema walikutana mara moja. Akipata mwingine, ni mara tatu. Kila sarafu inayoanguka hulifungua jeraha upya, na kwa hakika wagonjwa wengi huumizwa na namna hii ya kukiri kuliko kosa lenyewe. Ukiamua kusema, sema mara moja yale ambayo mwenzako anayahitaji ili ajikinge na ajiamulie: ni tangu lini, kulikuwa na kinga au hakukuwa, kuna mimba au mtoto, ni fedha ngapi za nyumba zilizokwenda huko, na je, limekwisha? Yale ya chumbani usiyasimulie hata ukiulizwa. Mwambie kwa upole kwamba hayo yatampa picha ambazo hataweza kuzifuta, lakini mengine yote uko tayari kuyajibu.

Kisha uwe tayari kuyajibu tena. Ataliuliza swali lile lile mara kumi. Mume hukasirika na kusema, "Si nilikwisha kukuambia?" Lakini mwenzako hakutegi. Anaijenga upya miaka ya maisha yake ambayo sasa hajui ipi ilikuwa kweli na ipi ilikuwa uongo, na kila jibu linalofanana na la jana ni tofali moja. Maswali hupungua yenyewe, kwa miezi na si kwa majuma. Kwa wengine huchukua miaka.

Neno "lakini" lisiwe na nafasi katika kauli yako. "Nimekosa, lakini wewe ulikaa kwenu miezi 3." "Nimekosa, lakini hujanizalia mvulana." Hapo umeomba radhi au umefungua mashtaka? (La mvulana, kwa kweli, ni la ajabu, maana mbegu ya baba ndiyo inayoamua jinsia ya mtoto.)

Na yule mtu wa tatu? Mawasiliano yakatwe, na yakatwe kwa namna ambayo mwenzako anaweza kuiona. Lakini naye ana mwili na ana haki ya kuambiwa akapimwe. Kumtukana sokoni hakumponyi mtu.

Wazee na kile wasichokiuliza

Siidharau hata kidogo desturi yetu ya suluhu. Surat An-Nisaa, aya ya 35, inaagiza mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke, na mila ya Wasomali iitwayo xeer imezuia damu nyingi kumwagika baina ya koo. Wazee wakiketi vizuri, nyumba mbili hazigeuki kuwa maadui, na watoto hubaki na ami na wajomba.

Tatizo ni kwamba suluhu hiyo aghalabu huwa ni baina ya wanaume. Baba au kaka ndiye husema kwa niaba ya mwanamke, fidia hukubaliwa, dua husomwa, na yeye huletewa habari nyuma ya pazia. Hakuna aliyemuuliza kama analala. Hakuna aliyeuliza kama mume amepimwa. Wewe msomaji ambaye huitwa katika vikao hivyo, nakuomba mambo mawili tu. Mwanamke aulizwe mwenyewe, akiwa na mtu anayemwamini, anataka nini na anahitaji muda gani. Na katika masharti ya suluhu, pamoja na hayo ya ngamia na fedha, liwemo sharti la wote wawili kupimwa kabla ya kurudi chumba kimoja. Sharti hilo halimvunjii mtu heshima. Mzee anayelitaja kwanza huwaondolea wengine haya ya kulitaja.

Tena kusamehe si lazima kuwe kurudiana. Wako wanaosamehe na kuondoka, na mlango wa Mahakama ya Kadhi uko wazi kwa mke kama ulivyo kwa mume. Anayemhimiza mgonjwa asamehe juma la kwanza ni kama anayemhimiza aliyevunjika mguu akimbie kwa sababu amekwisha kufungwa plasta.

Sababu ipo, udhuru haupo

Hatua ya pili niliyoitaja, ile ya kutafuta maana, ina sehemu moja ambayo katika eneo letu haitajwi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya wanawake 9 kati ya 10 wa Kaskazini Mashariki walikuwa wamekeketwa, na huku kwetu wengi walishonwa. Tendo la ndoa kwa mwanamke kama huyo linaweza kuwa maumivu matupu kwa miaka, naye hasemi, kwa kuwa ameambiwa ndivyo lilivyo. Mume huona mke anamkwepa, akadhani hampendi au ni "baridi", na yeye pia hasemi. Nyumba inakuwa na watu wawili wanaoumia kimya kimya, kisha mmoja anatoka nje.

Je, hilo linamhalalishia? La. Alikuwa na ulimi, angeweza kuuliza. Lakini likiachwa bila kutajwa, wenzi hao wataombana radhi leo na mwakani watakuwa pale pale. Maumivu hayo yana matibabu. Kovu lililoshonwa linaweza kufunguliwa kwa upasuaji mdogo, na maambukizi na makovu mengine hutazamwa pia. Kwa upande wa mume, kisukari na presha, hata na baadhi ya dawa zake, huweza kumpunguzia nguvu za kiume, na wako ambao hutoka nje ili kujijaribu kama bado ni wanaume. Hao nao waje. Kupima sukari ni jambo la dakika chache.

Ikiwa aliyetoka nje ni mke, kila nililolisema linamhusu vile vile, ila yeye huwa katika hatari moja zaidi, nayo ni kupigwa. Hapana kosa la ndoa linalompa mtu ruhusa ya kumpiga mwenzake. Anayehofia kupigwa, awe mke au mume, anaweza kupiga simu 1195 bila malipo, mchana au usiku. Na mtoto aliyezaliwa katika mashaka hayo asinyimwe maziwa, jina wala chanjo huku wakubwa wakibishana.

Kuhusu yule aliyesalitiwa: ikiwa kukosa usingizi, kukata tamaa na kutojali chochote kumezidi majuma mawili, huenda ni ugonjwa wa sonona, na una dawa na una ushauri. Akianza kusema kwamba ingekuwa heri asingekuwepo, msimwache peke yake na mleteni hospitali siku hiyo hiyo. Miraa haitibu hali hiyo. Humnyima usingizi aliokuwa nao.

Sasa chukua kalenda. Kutoka siku ya kipimo cha kwanza, hesabu miezi 3 na uiandike tarehe hiyo kwenye kadi. Ikiwa bado mko pamoja, njooni pamoja, kila mmoja apewe jibu lake kisha mzungumze na mshauri mkiwa chumba kimoja. Ikiwa mmeachana, miadi haifutiki. Eda ya mwanamke aliyepewa talaka, ambayo kwa anayepata hedhi ni twahara tatu, hukaribia kuwa muda ule ule wa kungoja kipimo cha pili, na kabla ya yeyote kati yenu kuposa au kuposwa tena, aje achukue jibu lake.